Nisome Nini Sasa? Maswali Mnayoniuliza Sana Kuhusu Vitabu

Karibia kila wiki mtu ananitumia meseji "nipe kitabu kizuri" basi, hasemi anapenda nini, hasemi ana muda gani, na mimi najikuta naandika majibu yaleyale mpaka usiku. Kwa hiyo nimeyaweka hapa yote. Nimechanganya makusudi, cha upelelezi kipo na cha mashairi kipo, cha Mzanzibari, cha Mkenya, cha mzee wa karne iliyopita na cha dada wa juzi juzi tu, maana kuna watu wanaamini kabisa kwamba Kiswahili kina vitabu vile kumi vya shule halafu kabati limeisha. Hapana jamani. Kabati kubwa sana hili.

Sijashika kitabu tangu namaliza fomu foo. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kitu chembamba chenye mwendo. Mi huwa nawapa watu Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilitoka 1960. Tajiri mmoja anaitwa Bwana Ali anakutwa amekufa kwenye mzimu, yaani pale mahali pa kutambikia, watu wote wanaogopa kusogea, halafu anakuja Bwana Msa na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum, anaanza kuuliza vimaswali vidogo vidogo ambavyo wala huoni vinaelekea wapi. Ukimaliza hicho utajua mwenyewe kama akili imerudi kwenye kusoma. Usianze na kitabu cha kurasa 400 ili kujionyesha kwamba umerudi kwa kishindo, utachoka kurasa ya 30 na utakaa tena miaka.

Napenda upelelezi na vitu vya kukimbizana. Kuna vya Kiswahili vya maana kweli?

Tele! Na hapa ndipo watu wanapodharau bila kusoma. Ukishampenda Bwana Msa endelea naye, kuna Kisima cha Giningi, kuna Duniani Kuna Watu, kuna Siri ya Sifuri. Hao ni watu wa Unguja wanaoongea taratibu, wanakunywa kahawa, na jibu linatokea kwenye kitu kidogo ambacho mtu alikisema kurasa hamsini nyuma.

Ukitaka mwendo wa bara, bastola, ndege na hoteli za mjini, basi ni Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba. Anza na Kufa na Kupona, 1974. Kinachonivutia ni wakati wenyewe, ni miaka ile ya harakati za ukombozi kusini mwa Afrika, Dar imejaa wapigania uhuru, na Musiba kaichukua hali hiyo kaifanya stori ya kusisimua. Ben Mtobwa naye ana Joram Kiango, soma Tutarudi na Roho Zetu? halafu soma Dar es Salaam Usiku ambacho wala sio cha kipelelezi sana, ni cha jiji lenyewe, watu wa usiku, umaskini na anasa vimelala chumba kimoja. Na ukibahatika kukutana na Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, cha 1965, nunua hapohapo usiseme nitarudi kesho.

Kuna walimu huwa wanaviita hivi vitabu vyepesi. Mi nasema hivi ndivyo vilivyowafundisha watu wengi sana kumaliza kitabu, wazee wetu walikuwa wanaazimana mpaka kava linatoka, na mwandishi anayemfanya dereva wa lori asome mpaka saa nane usiku anastahili heshima yake kamili.

Shaaban Robert si wa mitihani tu?

Hapana, na hili linaniuma kidogo. Tatizo tulimsoma huku tunatafuta dhamira na mafunzo ya kujaza kwenye karatasi. Msome leo ukiwa mtu mzima. Kusadikika, 1951, ni kitabu chembamba unakimaliza wikendi moja: nchi inaelea angani, Karama ameshtakiwa mbele ya mfalme, Waziri Majivuno anataka kichwa chake, na yeye badala ya kulia anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kwenda kutafuta mema ya nchi nyingine na kila mmoja akirudi anaishia gerezani. Sasa kumbuka kimetoka wakati Mwingereza anatawala Tanganyika na mwandishi ni mtumishi wa serikali hiyohiyo. Soma hotuba za Karama taratibu uone mtu anavyosema jambo la hatari kwa sauti ya upole.

Kama Kusadikika kinakukumbusha mtihani mno, chukua Adili na Nduguze. Mfalme Rai anaambiwa kuna mtumishi wake anawachapa manyani wawili kila usiku halafu huku analia. Kwa nini anawachapa, na kwa nini analia? Ukishajua hayo maswali huwezi kukiacha.

Nataka riwaya moja kubwa, yenye mapenzi na siasa na mji. Moja tu.

Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi. Kimechapwa 1999 lakini stori ni ya Unguja ya miaka ya hamsini. Yasmin ni binti wa Kihindi, bado mdogo kabisa, anaozwa kwa Raza ambaye ni mzee wa dukani anayeweza kumzaa. Anatoroka. Anafikia kwa Mwajuma, ambaye kwangu mimi ndiye mtu bora kwenye kitabu kizima, mwanamke hana kitu, anaishi chumba kimoja, mlango uko wazi na roho iko wazi. Halafu anaingia Denge, kijana msomi aliyerudi kutoka Urusi, anapambana na wakoloni, anaingiza maandishi yaliyopigwa marufuku, na makachero wako nyuma yake kila kona. Mapenzi yao hayana siku moja ya utulivu.

Adam Shafi anajua kukaa kwenye kitu kidogo. Anakuonyesha vichochoro vya Ng'ambo, taarabu usiku, namna jirani anavyomtazama mtu mgeni, yaani unatembea naye. Amil Shivji alikitengenezea filamu mwaka 2021 na ni filamu nzuri, ila soma kwanza ndo uangalie, kwa sababu kitabu kinakupa muda wa kukaa na Mwajuma ambao sinema haiwezi kukupa.

Ukimaliza, nenda nyuma kwenye Kuli ya 1979. Rashidi anarithi kazi ya babake Majaliwa bandarini, kazi iliyomuua babake, na tunafika mpaka kwenye mgomo wa wafanyakazi wa bandari Zanzibar wa mwaka 1948 ambao ulitokea kweli. Ni kifupi kuliko Vuta n'Kuvute na kina hasira zaidi.

Kezilahabi wanasema ni mgumu, kweli?

Inategemea umeshika kipi. Rosa Mistika, 1971, wala sio kigumu, kinauma tu. Baba anaitwa Zakaria, yuko Ukerewe, mlevi na mkali, anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya kijana anayeitwa Charles, na kutoka kwenye kile kipigo unafuata maisha ya Rosa mpaka mwisho ukiwa umeshika moyo. Kiliwahi kuzuiwa mashuleni kwa sababu kilisema wazi yale ambayo watu walikuwa wanayajua na kuyanyamazia. Kila mzazi mwenye binti akisome, na asome hasa sehemu za Zakaria.

Kutoka hapo nenda Kichwamaji, halafu Dunia Uwanja wa Fujo. Nagona na Mzingile ndio vile vya kufikirisha, vimetoka 1990 na 1991, mtu anatembea kwenye ulimwengu usio na ramani, wakati umevurugika, unakutana na wafu wanaongea. Hivyo visome mkiwa wawili au watatu mnabishana. Ukisoma peke yako haraka haraka utasema umeonewa.

Mashairi siyaelewi kabisa. Niachane nayo?

Usiachane nayo, badilisha mlango wa kuingilia. Watu wengi tuliingizwa kwa vina na mizani, tukahesabu silabi mpaka hamu ikaisha. Ingia kwa mtu aliyekuwa na sababu ya kuandika. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya mwaka 1969, kijana mdogo tu wa Mombasa, kosa lake ni kuandika waraka unaouliza Kenya inakwenda wapi, akakaa mpaka 1972, na humo gerezani akawa anaandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yakaja kuwa Sauti ya Dhiki, 1973. Kiswahili chake ni Kimvita, lahaja ya Mombasa, mwanzoni utakwama kwenye maneno, lakini soma kwa sauti, tena kwa sauti ya juu, soma lile la Kuno Kunena ambalo anauliza kama kusema kwake ndiko kulikomleta hapo. Ukishajua karatasi aliyoandikia, mizani unaisikia tofauti kabisa, unaona zile beti zimepangwa vile ili akili ya mtu aliye peke yake isivunjike.

Ukitaka yasiyo na vina chukua Kichomi cha Kezilahabi, 1974, kilichowagombanisha wazee na vijana kwamba haya ni mashairi au sio mashairi. Na ukitaka kurudi nyuma kabisa kuna Utenzi wa Mwana Kupona, wa 1858, mama mgonjwa wa Siyu anamuusia binti yake Mwana Hashima. Kuna mengi humo kuhusu mume ambayo dada zangu wa leo watayapinga, na wapinge, lakini sikiliza jinsi anavyomwita mtoto asogee na wino na karatasi. Hapo ni mama anajua anaondoka. Shaaban Robert naye aliwaandikia watoto wake, Utenzi wa Hati kwa binti na Utenzi wa Adili kwa kijana wa kiume, ukizisoma na ya Mwana Kupona pamoja ni jioni nzuri sana.

Tamthilia inasomwaje bila jukwaa?

Gawaneni sehemu. Hata mkiwa watatu sebuleni inatosha. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ya 1969 inahusu vita vya Maji Maji, na ukimsikia mtu mzima anasoma kwa sauti maneno ya mtu ambaye imani aliyoianzisha imemzidi nguvu, utaelewa kwa nini inaigizwa mpaka leo. Ya Kikenya chukueni Kigogo ya Pauline Kea: soko la Chapakazi limefungwa, Tunu anakataa kunyamaza, mtawala Majoka anakasirika. Inasomeka kwa jioni moja na mabishano yake yanaenda wiki.

Mbona orodha zako zimejaa wanaume?

Swali halali kabisa. Kabati la zamani lilijaa wao kwa sababu wao ndio walisomeshwa na kuchapwa zaidi. Ila wanawake wapo na wanaandika vizuri, tatizo hawatajwi. Zainab Burhani ana Mali ya Maskini na Mwisho wa Kosa. Penina Muhando ana tamthilia nyingi, anzia Hatia ya 1972 au Nguzo Mama. Assumpta Matei wa Kenya na Chozi la Heri, kinachoanza na Ridhaa, daktari aliyepoteza familia yake kwenye moto wa fujo za baada ya uchaguzi, sio kitabu cha kusoma kabla ya kulala. Clara Momanyi ana Nguu za Jadi. Na Zanzibar yupo Zainab Alwi Baharoon na Mungu Hakopeshwi, cha 2017, familia ambayo baba ndiye sheria ya nyumba, na nimeona watu ambao hawasomagi wakikipokezana ofisini.

Mi Mbongo, vitabu vya Kenya nianze na kipi? Na Mkenya je, aanze na kipi cha kwetu?

Mbongo asome Siku Njema ya Ken Walibora, 1996. Kijana anaitwa Kongowea Mswahili, mama yake mwimbaji wa taarabu Tanga, anaondoka kumtafuta baba yake mpaka Kitale huko, kwa hiyo unaanza nyumbani halafu unavuka mpaka na kitabu. Wakenya wengi wanakipenda tangu shule, ukitaja Kongowea wanafurahi. Ukimpenda nenda Kidagaa Kimemwozea. Walibora alifariki Aprili 2020, Kezilahabi alishatangulia Januari mwaka huohuo, ulikuwa mwaka mbaya sana kwetu sisi wasomaji.

Mkenya mimi ningemuanzisha na Rosa Mistika. Utengano ya Said Ahmed Mohamed wengi wanaijua maana iliwahi kuwa seti buku, ila warudi kwake wasome Asali Chungu.

Sipendi stori za kutunga. Nataka mambo ya kweli.

Wasifu wa Siti binti Saad, Shaaban Robert tena, 1958. Binti wa kijiji cha Fumba, Unguja, anayeuza vyungu, anaishia kuwa sauti iliyotoka Zanzibar mpaka Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Watu walimkejeli sura na asili yake, na yeye akawajibu kwa kuimba. Kifupi, kitamu, na ukimaliza tafuta nyimbo zake usikilize.

Kama unapenda desturi za kale, kuna Desturi za Wasuaheli ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, 1903. Ndoa, ngoma, jando, safari za bara, mwandishi anasimulia mambo ya watu wake mwenyewe. Kwa ndugu zetu wa Kongo, kuna historia ya Lubumbashi iliyoandikwa 1965 na André Yav kwa ajili ya chama cha watumishi wa majumbani wa zamani, kwa Kiswahili chao cha kulekule, jina lake limeandikwa Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Mpishi na boi ndio wanaosimulia mji walivyouona kutoka jikoni kwa mzungu. Kukipata ni kazi lakini ni hazina.

Haini ya Adam Shafi ni riwaya, ila imesimama juu ya mambo yaliyofuata baada ya kuuawa kwa Karume Aprili 1972, na mwandishi mwenyewe aliwekwa ndani. Soma ukiwa na nguvu.

Vilivyotafsiriwa vina ladha?

Vingine vina ladha sana. Shujaa Okonkwo ya Chinua Achebe, Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ ambayo mjane wa Senegal anamwandikia rafiki yake baada ya mumewe kufa, hiyo mpe mwanamke yeyote unayempenda. Shamba la Wanyama iliyotafsiriwa na Fortunatus Kawegere, 1967. Mabepari wa Venisi ya Shakespeare alitafsiri Mwalimu Nyerere mwenyewe, 1969, akiwa Rais!

Na Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Alipata Nobel 2021, watu wakawa wanajivunia mtu wa kwetu ambaye hawajamsoma, sasa Ida Hadjivayanis ameileta kwa Kiswahili, hakuna kisingizio. Yusuf ana miaka kumi na mbili, anachukuliwa na Ami Aziz, anadhani anaenda kutembea kwa mjomba kumbe amewekwa rehani kwa deni la babake.

Watoto wangu wako nje, Kiswahili kinapotea. Niwasomee nini?

Hekaya za Abunuwasi kwanza, maana wanacheka, na mtoto akicheka kwa Kiswahili umeshafika mbali. Wakifika miaka kumi hivi wasomee Adili na Nduguze kwa sauti, wewe ndo usome, ukikutana na neno gumu toa maana hapohapo na uendelee usiwapige swali. Wadogo kabisa kuna African Storybook mtandaoni, bure, vitabu vya picha vyenye sentensi fupi na Kiswahili kipo. Dakika kumi kila usiku zinatosha kuliko masaa mawili ya Jumamosi.

Kitabu kimenishinda, niache?

Acha. Weka alama ulipofikia, chukua kingine, utarudi au hutarudi.

Nimnunulie mzee zawadi gani?

Mzee wa pwani mpe mashairi, Sauti ya Dhiki au Kimbunga cha Haji Gora Haji wa Tumbatu. Mzee wa bara aliyekuwa kijana miaka ya sabini mpe Willy Gamba halafu ukae umsikilize, utaona anavyoanza kusimulia Dar ya wakati ule, kumbi za dansi, mabasi ya UDA, nani alimwazima kitabu hicho mara ya kwanza na hakurudisha.

Vinapatikana wapi? Huna pidiefu?

Sitoi pidiefu za waandishi walio hai, naomba mnielewe. Mwandishi wa Kiswahili anauza nakala chache, na mara nyingi anaprinti kwa hela yake mwenyewe, ukisambaza faili kwenye grupu la watu 200 umemmaliza. Ukikosa hela omba kuazima, hiyo haina ubaya.

Kwa kununua, Mkuki na Nyota wanavyo vingi vya Adam Shafi na Peponi. Nairobi pita Text Book Centre. Waulize waandishi wenyewe pia, wa siku hizi wengi wanauza moja kwa moja kwa simu na wanakutumia kwa basi. Vya zamani vilivyoacha kuchapwa, kama Katalambulla, pitia wale wanaotandaza vitabu chini barabarani, Posta na Kariakoo huko, chambua taratibu, angalia kama kurasa za mwisho zipo kabla hujalipa, hasa vya upelelezi. Na Maktaba ya Taifa pale Bibi Titi Mohamed ipo tangu 1967, watu wanapita nje kila siku hawajawahi kuingia.

Tunaanzisha kundi la kusoma, watu nane, tupange vipi miezi ya mwanzo?

Msianze na vitatu vizito mfululizo, kundi litakufa. Ningepanga hivi: mwezi wa kwanza Mzimu wa Watu wa Kale, kila mtu aje na mtuhumiwa wake kabla ya kufika mwisho. Wa pili Rosa Mistika. Wa tatu Kigogo, mkigawana sehemu. Wa nne Barua Ndefu Kama Hii. Wa tano mashairi, kila mmoja aje na moja tu kutoka popote na alisome kwa sauti. Wa sita Vuta n'Kuvute, na huu mpe wiki sita badala ya nne kwa sababu ni kirefu. Nagona subirini mpaka mwakani mkishazoeana. Nakala kama hazitoshi nunueni nne mkae wawili wawili, na atakayemaliza kwanza ampitishie mwenzake ndani ya wiki mbili, lisemeni hilo tangu siku ya kwanza.